Pumziko Kando ya Ziwa: Ni la Nani?



Dominika moja, baada ya Misa, vijana wa parokia yetu walitujia na ombi. Katika simu ya mmoja wao walikuwa wameona picha za ziwa: maji matulivu, milima ya kijani, na nyumba ndogo za mbao zimepangwa kando ya maji. Watu wanaogelea, wengine wanapiga kasia, wengine wameketi kivulini wakitazama ndege. Chini ya picha paliandikwa kwamba mahali pale pako wazi mwaka mzima. Vijana wakasema: "Mwalimu, tunataka kuweka akiba kidogo kidogo, mwaka ujao twende ziwani siku tatu. Si kwa mkutano, wala si kwa kazi. Twende kupumzika tu. Je, ni vibaya?"

Kabla hatujafungua kinywa, mzee mmoja aliyesimama karibu akajibu: "Kazi mbaya si mchezo mwema. Mtu mwenye magugu shambani hana ruhusa ya kwenda kutazama maji." Na mama mmoja, aliyekuwa akijitwika kikapu chake, akageuka akasema kwa upole: "Nendeni tu, wanangu. Lakini mtakapofika huko, nani atawapikia?"

Watu wakacheka. Nasi tulicheka. Lakini maneno ya mama yule yalitufuata mpaka nyumbani, na usiku yakatunyima usingizi. Maana katika maneno hayo machache yamo maswali mawili yaliyo mazito. La kwanza ni la mzee: je, kupumzika ni haki ya mtu, ama ni uvivu uliovaa nguo nzuri? La pili ni la mama: anayepumzika, anapumzika juu ya mgongo wa nani? Tuyatazame yote mawili polepole.

KWA NINI NENO HILI LATUTIA SHAKA

Tusimlaumu mzee wetu, maana neno lake lina mizizi. Njia inayopita kwetu Kabambare ni njia ya kale ya misafara. Katika karne ya 19 wafanyabiashara waliondoka Ujiji, wakavuka Ziwa Tanganyika mpaka Mtoa, wakapita Kabambare, wakaendelea Kasongo na Nyangwe. Waliporudi walileta pembe za ndovu, na wengi wa waliozibeba walikuwa watumwa. Kwa mpagazi, pumziko lilikuwa jambo la kuamriwa. Alitua mzigo pale mkubwa wa msafara aliposema atue, akaubeba tena pale aliposema aubebe. Mkubwa alipumzika kwa raha. Mpagazi alipumzika kwa hofu.

Kisha ulikuja utawala wa Wabelgiji. Kuanzia 1917 sheria iliwalazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyotakiwa na serikali, hadi siku 60 kwa mwaka, na kwetu Maniema zao hilo lilikuwa hasa pamba. Asiyelima aliadhibiwa. Mtu aliyeonekana ameketi barazani mchana aliitwa mvivu, hata kama alikuwa shambani tangu jogoo wa kwanza. Basi wazee wetu walijifunza kwamba si kazi tu inayotakiwa, bali pia kuonekana unafanya kazi. Somo hilo wametuachia. Mpaka leo mtu akimkuta mwenzake ameketi, yule aliyeketi husimama upesi kama aliyekamatwa anaiba.

Tena kuna umaskini. Vijana wetu wanaochimba dhahabu upande wa Salamabila wanasema kwamba shimo halijui Dominika: asiyeingia leo, mwingine atachukua nafasi yake. Mama akiacha jembe siku moja, chungu kinajua. Kwa watu wa namna hii pumziko ni kama vazi la tajiri: lapendeza macho, lakini halikushonwa kwa kipimo chao.

Hata hivyo yatupasa kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Uvivu ni kukataa kazi iliyo yako. Pumziko ni kuitua kazi iliyo yako kwa muda, ili upate kuirudia ukiwa mtu, si chombo. Mvivu humwachia mwenzake mzigo. Mwenye kupumzika kweli huutua mzigo wake mwenyewe, na hamtwiki mwingine. Msomaji mpenzi, lishike neno hili, maana tutalirudia.

Historia ya mahali petu yatupa mfano mmoja wa kufikirisha. Mwaka 1870 msafiri David Livingstone alikwama katika nchi hii ya Manyema, katika mji aliouandika Bambarre, ambao kwa kawaida watu husema ndio Kabambare yetu. Miguu yake ilikuwa na vidonda vibaya, hakuweza kutembea. Alikaa miezi mingi. Yeye hakuwa Mkatoliki, lakini tumsifu kwa lililo jema: katika safari yake ya Manyema aliisoma Biblia nzima mara nne. Miguu ilipokataa, macho yalifanya kazi nyingine. Na mwaka uliofuata, Julai 1871, alipoona watu wakiuawa sokoni Nyangwe, aliandika habari zile kwa uchungu mkubwa. Ziliposomwa Uingereza zilisaidia kuwaamsha watu, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa. Hatusemi kwamba kukaa kule Bambarre ndiko kulikoandika barua zile. Twasema tu kwamba mtu aliyesimama mahali pamoja, akasoma na kutazama, hakupoteza wakati wake.

KANISA LAFUNDISHA NINI?

Mtakatifu Toma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa karne ya 13, aliuliza swali hili hili la vijana wetu. Je, katika michezo yaweza kuwamo fadhila? Akajibu kwamba ndiyo. Mwili ukichoka hupona kwa kulala. Na roho nayo huchoka kwa kufikiri na kuhangaika, nayo hupona kwa furaha. Fadhila hiyo ina jina la Kigiriki, eutrapelia, maana yake kujua kucheza na kufurahi kwa kiasi.

Toma anasimulia habari ya zamani juu ya Mtakatifu Yoane mwinjili. Watu wengine walimkuta akicheza na wanafunzi wake, wakachukizwa. Yoane akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale. Akapiga. Akamwambia apige tena, na tena. Kisha akamwuliza kama angeweza kuendelea bila kuacha. Yule mtu akajibu kwamba upinde ungevunjika. Yoane akasema kwamba ndivyo ilivyo roho ya binadamu: ikivutwa siku zote bila kulegezwa, huvunjika.

Hata hivyo Toma anatoa maonyo matatu. Kwanza, furaha isitafutwe katika maneno au matendo machafu wala yenye kumdhuru mtu. Pili, mtu asijisahau kabisa hata akapoteza akili na utu wake. Tatu, mchezo ulingane na mtu, wakati na mahali. Na kwa upande wa pili anawaonya pia wale wasiocheka kamwe na wasiowaacha wenzao wacheke: hao nao wana kosa, kwa kuwa wanakuwa mzigo kwa wengine. Tulipomsomea mzee wetu neno hili, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi hata mimi nimo humo." Tulimpenda kwa jibu lile.

Lakini tusiishie kwa walimu. Tumtazame Bwana wetu mwenyewe. Injili nzima imejaa ziwa. Baadhi ya mitume walikuwa wavuvi wa Galilaya, na ziwa lile ni dogo sana kuliko Tanganyika yetu: urefu wake ni kilomita 21 hivi, na Tanganyika yapita kilomita 670. Katika Injili ya Marko, mitume wanaporudi kutoka kazi ya kuhubiri, wamechoka, na watu wanaokuja na kwenda ni wengi hata hawana nafasi ya kula. Yesu hawaambii wajikaze. Anawaambia waende naye mahali pa faragha wapumzike kidogo. Nao wanapanda mashua. Basi safari ya ziwani kwa ajili ya kupumzika, wapenzi, haikubuniwa na wenye hoteli. Bwana aliitangulia.

Na nini kilifuata? Watu waliwaona, wakakimbia kwa miguu, wakawatangulia kufika. Yesu aliposhuka na kuona umati ule, hakuwafukuza kwa kuwa ni siku ya mapumziko. Aliwahurumia, akawafundisha, mwishowe akawalisha. Hapa twaona mambo mawili kwa pamoja: Bwana anataka wanafunzi wake wapumzike, lakini pumziko lake halina ukuta wa kumzuia mwenye njaa.

Amri ya Dominika nayo yasema hivyo hivyo. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, Musa anapowaeleza Waisraeli siku ya Sabato, hasemi wapumzike wao tu. Anamtaja mtumishi mwanamume na mtumishi mwanamke, ng'ombe na punda, na mgeni anayekaa kwao. Na sababu anayoitoa ni kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa Misri. Mtu aliyewahi kubebeshwa mizigo bila kupumzika, asimfanyie mwenzake vile. Je, neno hili halituhusu sisi, wajukuu wa wapagazi?

Wengine huuliza kwa nini katika orodha ile mke hakutajwa. Wanadhani labda yeye alipaswa kuendelea na kazi. La! Amri yasema "wewe", na katika "wewe" hiyo wamo mume na mke pamoja. Mke si mmoja wa watumishi wa nyumba hata atajwe pamoja nao.

ZIWA MOJA, VISIWA VITATU

Sasa tuende mahali palipo kwenye picha ya vijana. Ni Ziwa Bunyonyi, kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na mji wa Kabale na mpaka wa Rwanda. Jina lake maana yake ni mahali pa ndege wengi wadogo. Liko juu milimani, karibu meta 1,950 juu ya usawa wa bahari, na ndani yake mna visiwa kama 29. Halina mamba wala viboko, ndiyo maana watu huogelea bila hofu. Milimani Wakiga hulima matuta yao mpaka juu kabisa. Wageni hulala katika nyumba za mbao na mahema, hukodi mitumbwi ya gogo, na wasiozoea huzungushwa na mtumbwi mahali pamoja kama kuku aliyekatwa kichwa, watoto wa pale wakicheka.

Katika ziwa hilo mna visiwa vitatu ambavyo twataka mvijue.

Cha kwanza chaitwa Akampene. Ni kidogo sana, kina nyasi na mti wa pekee. Zamani msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa alipelekwa pale na ndugu zake mwenyewe, akaachwa afe kwa njaa na baridi, au azame akijaribu kuogelea. Wengine waliokolewa na wanaume maskini wasiokuwa na mahari, waliokuja kwa mtumbwi wakawachukua kuwa wake zao. Mwanamume aliyempa mimba hakupelekwa kisiwani. Desturi hiyo ilikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Cha pili ni Bwama. Mwaka 1931 daktari Mwingereza, Leonard Sharp, alianzisha pale makao ya wagonjwa wa ukoma. Wagonjwa waliokuwa wakifukuzwa na kuogopwa na watu walipata pale nyumba, shamba, dawa na kanisa. Ugonjwa ule ulipopungua, kisiwa kikawa mahali pa shule na zahanati.

Cha tatu ni Bushara. Hapo pana nyumba za mbao za wageni chini ya miti, kama zile za kwenye picha. Kazi hiyo ilianzishwa kwa juhudi za ndugu zetu Waanglikana wa Dayosisi ya Kigezi, kwa nia kwamba fedha za wageni zisaidie wenyeji wa kando ya ziwa.

Tazameni basi: maji ni yale yale, ndege ni wale wale, mandhari ni ile ile. Kisiwa kimoja kilikuwa cha hukumu, cha pili cha huruma, cha tatu cha pumziko. Uzuri wa ziwa haukumwokoa msichana hata mmoja wa Akampene. Jua lilichwa juu yake kwa rangi nzuri, naye akafa. Hivyo tusidhani kwamba mahali pazuri humfanya mtu kuwa mwema. Kilichotofautisha visiwa vile ni jambo moja tu: watu walimfanyia nini mnyonge.

Na hapo ndipo kipimo cha kila mahali pa mapumziko. Pumziko la wageni likijenga shule na zahanati, likimpa mpiga kasia mshahara wa haki, hicho kisiwa cha tatu ni jirani wa Bwama. Lakini kama wageni wanalala mpaka saa nne mchana kwa sababu msichana wa jikoni ameamka saa kumi usiku, siku zote, bila Dominika wala sikukuu, basi kisiwa kile, kwa uzuri wake wote, kinaelekea upande wa Akampene. Pale pumziko halikuzaliwa. Mzigo umehamishwa tu kutoka kichwa hiki mpaka kichwa kile.

ZIWA LISILOGANDA

Vijana walishangazwa hasa na maneno yale "mwaka mzima". Nasi tulifikiri juu yake.

Katika nchi za baridi, kama Kanada na Sweden, maziwa mengi huganda wakati wa baridi. Watu hufunga mitumbwi yao, na wapendao hucheza juu ya barafu. Majira yenyewe huwaamuru: sasa acheni hiki, shikeni kile. Kwetu si hivyo. Ziwa letu haligandi. Tuna masika na kiangazi. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusi huvuma kwa nguvu juu ya Tanganyika, na wavuvi huuogopa. Lakini hakuna mwezi ambao maji husema: leo hapana. Shamba nalo lina kazi zake karibu mwaka mzima: mpunga, karanga, mihogo. Na shimo la dhahabu ndilo halina majira kabisa.

Basi mahali ambapo majira hayamwambii mtu aache kazi, lazima aambiwe na sheria na dhamiri. Ndiyo kazi ya Dominika. Sisi watu wa nchi isiyoganda twaihitaji Dominika kuliko wengine, kwa kuwa hatuna theluji ya kutusimamisha.

Na yule mwenye kutaka kucheza mwaka mzima tumwambie nini? Methali yetu yajibu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mahali paweza kuwa wazi mwaka mzima, lakini mtu asiwe mgeni mwaka mzima. Sikukuu ikiwa kila siku, si sikukuu tena. Mtu asiyefanya kazi hana cha kutua, na asiye na cha kutua hawezi kupumzika. Aweza kuchoka tu kwa namna nyingine.

Hata ziwa lenyewe limeonekana kuhitaji Sabato yake. Kwa miaka mingi samaki wa Tanganyika, ndakala na mikebuka, wamevuliwa usiku na mchana, na wavuvi wenyewe wakaona nyavu zinapungukiwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake wa ziwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Neno hili si geni kwa msomaji wa Biblia. Katika kitabu cha Walawi Mungu aliamuru shamba nalo lipumzike mwaka wa saba. Na Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba pumziko la Dominika lapanua macho yetu, tuone haki za wengine, na lina uhusiano na kuvitunza viumbe.

Lakini hapa pia tusiwe wepesi wa maneno. Miezi mitatu bila uvuvi ni jambo zuri kwa samaki. Kwa baba mwenye watoto sita na mtumbwi mmoja, ni miezi ya njaa kama hakuna anayemsaidia. Anayeamuru pumziko ashughulikie pia chakula cha anayepumzika. Jangwani Mungu aliwaamuru Waisraeli wasiokote mana siku ya Sabato, lakini siku iliyotangulia aliwapa ya siku mbili. Kumwambia maskini apumzike bila kumwachia kitu chunguni si huruma.

Ndiyo maana Kanisa limesema pia juu ya mshahara na saa za kazi. Papa Leo XIII, mwaka 1891, katika barua Rerum Novarum, alitetea pumziko la Dominika kwa wafanyakazi. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba mfanyakazi apewe nafasi ya kutosha ya kupumzika na kuishi na jamaa yake. Na mataifa, katika Tamko la mwaka 1948 juu ya haki za binadamu, kifungu cha 24, yalikubali kwamba kupumzika ni haki ya kila mtu. Kwa mzee wetu twajibu basi: si uvivu, ni haki. Lakini haki ya kila mtu, si ya aliyeketi karibu na kivuli.

NANI ATAWAPIKIA?

Tumebaki na swali la mama. Kwa hilo, wapenzi, Injili ina jibu ambalo sisi wanaume hatupendi kulikaa sana.

Baada ya ufufuko, mitume saba walivua usiku kucha ziwani bila kupata kitu. Alfajiri Yesu alisimama ufukoni. Waliposhuka na wavu wao wenye samaki 153, walikuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Nani alikuwa amewasha moto? Nani alikuwa amepika? Bwana mwenyewe. Yule aliyeshinda mauti aliinama akapuliza makaa, kwa ajili ya watu waliochoka. Hakutafuta mwanamke wa kijijini aje kupika. Akawaita waje wafungue kinywa, na akawagawia kwa mikono yake.

Sasa tujitazame. Dominika kwetu, baada ya Misa, nani anapumzika? Wanaume huketi chini ya mwembe, wakizungumza habari za nchi. Na mama? Ameamka kabla ya kengele, amechota maji, amewaogesha watoto, amekwenda Misa na mtoto mgongoni. Amerudi, anatwanga sombe, anakorogea bukari, anaosha vyombo, na jioni anakwenda kuni. Kwake Dominika ni siku ya kazi yenye Misa ndani yake.

Nasi wakatekista tusijifiche. Tumefundisha amri ya tatu kwa watoto miaka mingi, tumeuliza maswali na kupokea majibu mazuri. Na siku nyingi tumerudi nyumbani baada ya kuifundisha, tukakaa kitini, tukaita: "Mama, chakula!" Hatukuwahi kujiuliza kama amri ile tuliyoifundisha imeingia jikoni kwetu. Mama yule mwenye kikapu hakusoma seminari, lakini alitushinda kwa swali moja.

Basi vijana wetu tuliwajibu hivi. Kwenda ziwani si dhambi. Bwana alikwenda. Lakini shikeni haya manne. La kwanza: fedha ya safari isitoke katika karo ya mdogo wako wala katika deni. La pili: huko mtapika kwa zamu, wavulana kwa wasichana, na wasichana nao wataogelea na kupumzika kama ninyi. La tatu: mtu yeyote atakayewafanyia kazi, awe mpiga kasia au mwuza samaki, mtamlipa haki yake bila kumpunja kwa kuwa ni maskini. La nne: kabla ya kupumzika, mpumzishe mtu. Kila mmoja wenu achague bibi au mama mmoja katika kijiji, ampe siku nzima bila maji wala kuni wala mchi.

Mmoja akauliza: "Na kama akiba haitoshi, Mwalimu? Na kama njia si salama?" Tulimwelewa. Tangu miaka mingi vita vimewafukuza watu wengi katika nchi yetu ya mashariki. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Goma na Bukavu, miji ya kando ya Ziwa Kivu, ilitekwa na M23, na watu wengi walikimbia wakiwa na mikeka vichwani. Hakuna nyumba ya mbao inayoweza kumpumzisha mtu asiye na amani. Tuiombe amani, maana ndiyo msingi wa kila pumziko. Lakini tulimjibu pia kwamba mto Lwama uko karibu, na kivuli chake hakilipishwi, ila wajihadhari na mamba. Chakula kidogo, wimbo, mpira, na wote kurudi kabla ya giza: hilo nalo ni pumziko. Na jambo la nne, lile la kumpumzisha mtu, halihitaji frangi hata moja wala njia ndefu.

Dominika iliyofuata sisi wenyewe tulichukua ndoo, tukaenda mtoni kuchota maji. Majirani walitazama, wengine wakacheka, mtoto mmoja akauliza kama mama watoto ni mgonjwa. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa ameketi mlangoni, miguu ameinyosha, akitazama barabara kama mtu anayetazama ziwa. Hatukumbuki lini tulimwona ameketi hivyo mchana. Ndoo ilikuwa nzito kuliko tulivyodhani.

Wapenzi wasomaji, Dominika ijayo, baada ya Misa, kabla hujaketi chini ya mwembe, tazama kwanza nyumbani kwako ni nani bado amesimama. Mpe kiti chako. Na Bwana Wetu, aliyewapikia wavuvi waliochoka kando ya maji, atujalie sote siku moja pumziko lile la milele, ambalo ndani yake hakuna hata mmoja atakayebaki jikoni.